Kanuni za taasisi za serikali (sheria ndogo zinazotungwa chini ya sheria ya Bunge) zife zenyewe baada ya miaka 10, au bosi wa taasisi aamue lini zipitiwe?

Hii debeti kila mara inarudi, basi tuweke Kenya na Tanzania pamoja tuone.

Kenya wana sheria ya 2013 ya sheria ndogo, inasema kanuni ikifika miaka 10 inakufa yenyewe, yaani inakosa nguvu ya kisheria, ila inaweza kuongezewa muda mara moja tu usiozidi miezi 12. Tanzania hakuna ukomo wa jumla namna hiyo, kanuni inaishi mpaka ifutwe au irekebishwe, kwa hiyo kila kitu kinategemea mkurugenzi mkuu wa taasisi na kitengo chake cha sheria wapeleke mapendekezo kwa waziri.

Kwa uhakika wa mapitio Kenya wako mbele, bosi hawezi kusema atashughulikia mwakani. Tanzania hadi 2018 ilibidi ije ile Blueprint, mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara ndo tozo na leseni zinazogongana kati ya taasisi zianze kupunguzwa, na hizo zilikuwa zinaumiza wafanyabiashara wadogo kweli kweli.

Ila gharama sasa, kuandika upya na kushirikisha wananchi kunakula hela na muda, na taasisi ikichelewa kanuni inakufa, mkaguzi anabaki hana cha kushika. Hapo Tanzania ni salama zaidi.

Kama taasisi yako ina wanasheria wa kutosha na kanuni za biashara zinazobadilika haraka, ukomo wa muda unakufaa. Kama ni usalama wa chakula au majengo na wanasheria ni wawili, bora ratiba ya mapitio iandikwe kwenye mkataba wa utendaji wa mkurugenzi.