Chanjo ya HPV shuleni: sindano safi, maelezo haba

Tunachopima hapa ni huduma ya chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, jinsi inavyotolewa kwa wasichana Tanzania, shuleni na kwenye vituo vya afya. Kwa kazi ya sindano yenyewe inapata tisa kati ya kumi. Kwa namna inavyozungumza na mzazi inapata nne, na hapo tumekuwa wakarimu.

Chanjo iliingia kwenye ratiba ya taifa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili zinazopishana miezi sita. Dozi ya pili ndiyo iliyokuwa ikivuja: binti kamaliza darasa la saba, kahamia kwa shangazi, kadi haionekani. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja, na umri ni miaka 9 hadi 14. Mzazi anayeuliza kama amepunjwa ajibiwe kwamba sehemu ya ushahidi ilitoka hapahapa nyumbani. Utafiti wa DoRIS ulifanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa umri huohuo, na miezi 24 baadaye karibu wote waliopata dozi moja bado walikuwa na kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi ya aina ya 16 na ya 18 za kirusi hicho. Hizo mbili ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii.

Dozi ni nusu mililita, kwenye msuli wa bega. Dawa ikitikiswa huwa na weupe wa ukungu. Adui yake mkubwa ni kuganda, kuliko hata joto. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na ikishaganda hata mara moja haifai tena, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima. Kwa hiyo angalia pakiti za barafu kwenye kibebeo cha chanjo. Muuguzi makini haziweki zikitoka moja kwa moja kwenye friza. Huziacha nje kwanza, anaitikisa moja na kusikiliza mpaka maji yachezecheze ndani. Kibandiko cha chupa nacho kina mraba ndani ya duara, na mraba ukifikia rangi ya duara, chupa hiyo haitumiki. Ila kibandiko kinapima joto tu, kuganda hakikuonyeshi.

Foleni ndiyo inayoharibu siku. Wasichana wa umri huu huzirai, na sababu kubwa ni woga: wa mbele akianguka, watatu nyuma yake wanalegea. Wachanjwe wamekaa, mahali ambapo wenzao hawawaoni, kisha wabaki wamekaa dakika 15. Uji wa asubuhi nao unasaidia. Shule inayowachanja wakiwa wamesimama kwenye jua la saa sita inajitafutia uvumi wa bure, kwa sababu jioni mtaa mzima utasema chanjo imeangusha watoto. Bega kuuma, kuvimba kidogo, kichwa au homa ndogo ni kawaida na huisha ndani ya siku chache. Binti mwenye homa kali asubiri apone, mjamzito asubiri ajifungue, na aliyewahi kupata mzio mkali wa chanjo hii asipewe tena.

Sasa hizo alama nne. Mabango na matangazo husema saratani, saratani, saratani. Neno ngono linamezwa. Baadaye mzazi anasikia dukani kwamba kirusi chenyewe huambukizwa kwa kujamiiana, na kuanzia hapo anajiona kazungukwa. Maswali yanayofuata yanajulikana: mbona wasichana tu, mbona miaka 9, mbona bure, si uzazi wa mpango wa kificho huu? Yote yanajibika kwenye kikao kimoja cha wazazi. Chanjo huzuia maambukizi, haiyaondoi yaliyokwisha kuingia, ndiyo maana hutolewa mapema, na mwili wa mtoto hutengeneza kinga nyingi zaidi kuliko wa mtu mzima. Ndani yake mna protini ya ganda la kirusi, hamna kirusi hai wala homoni. Kinachoondoa uzazi ni saratani yenyewe na matibabu yake: kizazi kukatwa, au mionzi.

Na hofu ya kwamba binti atapewa kibali cha uhuni? Karibu kila mzazi huyo alishampeleka mtoto kliniki kwa sindano ya penta, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ndani ya penta mna kinga ya homa ya ini aina ya B, ambayo nayo huambukizwa kwa ngono. Hakuna aliyesema kichanga kafundishwa umalaya. Swali la wasichana tu lina uzito zaidi, maana wavulana nao huambukizwa na huambukiza. Jibu la kweli ni kwamba mpango umewekwa pale panapookoa maisha mengi kwanza, na watoa huduma waliseme hivyo bila kuzungusha.

Kuna kundi ambalo utaratibu wa shule unalisahau. Binti anayeishi na VVU hatoshelezwi na dozi moja. Shirika la Afya Duniani linataka angalau mbili, ikiwezekana tatu. Foleni ya darasani si mahali pa kuulizana hali hiyo, kwa hiyo mzazi azungumze na kliniki ya CTC, ile ya huduma na matibabu ya VVU, binti anakotibiwa.

Aliyekosa siku ya shule, au asiyesoma kabisa, aende zahanati ya serikali kabla hajatimiza miaka 15, tena bure. Mzazi aombe kadi ijazwe tarehe na namba ya toleo la chanjo, aitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa, na amweleze binti kwamba akifika miaka 30 bado atahitaji kupimwa mlango wa kizazi, kwa kuwa chanjo haifungi aina zote za kirusi.