Kujaribu toleo jipya la OPNsense kabla ya kuliweka kazini

Ofisi ninayoihudumia ina wafanyakazi wasiofika arobaini, tawi moja lililounganishwa kwa VPN (njia ya siri inayopita ndani ya intaneti), na kifaa kimoja tu cha faiawali, yaani ukuta wa ulinzi wa mtandao, kinachosimama kati yao na intaneti. Kifaa hicho kikigoma katikati ya kupandishwa toleo, kazi zote husimama mpaka nikiinue. Ndiyo maana katika tathmini hii ya OPNsense, mfumo wa faiawali unaokiendesha kifaa hicho, sitahesabu wingi wa vipengele vyake, bali nitaangalia kama inampa fundi nafasi ya kulijaribu toleo jipya kabla halijawafikia watumiaji.

OPNsense ilichipuka kutoka pfSense, mfumo mwingine wa faiawali, na toleo lake la kwanza lilitoka Januari 2015; inaendelezwa na kampuni ya Deciso ya Uholanzi, na msingi wake ni mfumo endeshi wa FreeBSD. Matoleo makubwa hutoka mara mbili kwa mwaka na namba zake husomeka kama kalenda: 24.7 ni la Julai 2024, 25.1 ni la Januari 2025. Leseni yake ni huria, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote, kwa kuwa naweza kusimika nakala ya pili ya majaribio, hata ya kumi, bila kumwomba mtu ruhusa wala kumpelekea mhasibu ankara.

Nilipojiandaa kutoka 24.7 kwenda 25.1, nilitengeneza kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta nyingine, katika laptopu yangu kwa programu ya VirtualBox, nikaipa memori ya GB 4, nikasimika toleo lile lile lililokuwa likitumika ofisini, kisha nikaiingizia mipangilio halisi. Kazi hii ni nyepesi kwa sababu mipangilio yote, kuanzia kanuni za faiawali hadi vyeti vya usalama, imo katika faili moja iitwayo config.xml. Kikwazo ni majina ya milango ya mtandao: kifaa cha ofisini huiita igb0 na igb1, kompyuta pepe huiita em0 na em1, kwa hiyo ilinibidi kuifungua nakala ya faili hiyo kama maandishi ya kawaida na kuyabadilisha majina kabla ya kuiingiza. Programu-jalizi, yaani vipengele vya kuongezea, nazo hazisimikwi zenyewe kwa kuingiza faili hilo. Nilizirudisha moja moja kwa mkono, na hapo ndipo nilipotambua kwamba sikuwahi kuandika popote orodha ya zile tunazozitumia.

Mtego mkubwa uko kwenye VPN, nami niliuingia mzimamzima nilipofanya zoezi hili kwa mara ya kwanza. Niliiwasha nakala ya majaribio nyumbani ikiwa na njia ya kutoka nje, na haikupita robo saa nikapigiwa simu kutoka tawini: "Kaka, mfumo wa stoo unakuja na kukatika." WireGuard, aina ya VPN tunayoitumia, humtambua mwenzake kwa ufunguo wake wa umma, si kwa anwani, na hupeleka majibu kule ulikotoka ujumbe halali wa mwisho. Nakala yangu ilikuwa na funguo zile zile za faiawali halisi, basi kila ilipobisha hodi, tawi liliamini kwamba ofisi imehamia sebuleni kwangu, na faiawali halisi ilipobisha, likarudi ofisini. Tangu siku hiyo huwa naondoa, katika mipangilio ya VirtualBox, alama ya kebo iliyochomekwa kwenye mlango wa nje wa kompyuta pepe, nazima VPN na huduma ya DNS inayobadilika (inayotangaza anwani ya ofisi kwenye intaneti kila inapobadilika), na mlango wa ndani naufungia katika mtandao wa ndani ya VirtualBox ili DHCP yake, huduma ya kugawa anwani za mtandao, isivigawie vifaa vingine vya mtandao wa nyumbani anwani. Baada ya hapo ndipo narudisha kebo, ili toleo jipya lipakuliwe.

Hata hivyo, kompyuta pepe haiwezi kukuambia kadi ya mtandao ya kifaa chako italipokeaje toleo jipya. Kwa upande huo nategemea snapshoti, yaani picha za mfumo mzima ulivyokuwa wakati fulani ambazo mtu anaweza kuzirudia, ambazo tangu 24.7 zinatengenezwa kwenye ukurasa wa usimamizi kwa kubofya tu. Herufi N huonyesha mfumo unaotumika sasa, na R ule utakaotumika kifaa kikiwashwa upya. Kipengele hiki kinahitaji diski iliyoandaliwa kwa ZFS, mmoja wa mifumo ya kupanga faili kwenye diski; aliyechagua mwingine, UFS, siku ya kusimika hanacho, na dawa yake ni kusimika upya. Tena ukirudi kwenye snapshoti, mipangilio nayo inarudi nyuma, kwa hiyo kanuni ulizoongeza baadaye hutazikuta. Na kwa kuwa snapshoti hukaa kwenye diski ile ile, diski ikifa vinakufa vyote, config.xml lazima iwe na nakala nje ya kifaa.

Kazi yenyewe niliifanya Jumamosi jioni na haikuniletea jambo ambalo sikuwa nimeliona kwenye laptopu. Ni vyema kujua kwamba kupandisha toleo kubwa huweza kukiwasha upya kifaa zaidi ya mara moja, na ukimya wake humshawishi mtu kuchomoa umeme, asichomoe. Ningeipendekeza OPNsense kwa ofisi yoyote ya ukubwa wetu, isipokuwa ile isiyo na mtu anayeweza kuchomeka kebo ya konsoli (inayomwezesha mtu kukiamuru kifaa moja kwa moja, bila kupitia mtandao), kwa maana toleo jipya likigoma kuwaka, ukurasa wa usimamizi nao haufunguki, na snapshoti ya zamani huchaguliwa kwenye menyu ya kuwashia, mbele ya kifaa chenyewe.