Kutoka kumbakumba la UDA hadi mwendokasi: uzoefu wangu wa Barabara ya Morogoro

Mimi ni fundi cherehani. Naishi Kimara, na vitambaa, zipu na nyuzi zangu nanunua Kariakoo, kwa hiyo Barabara ya Morogoro naijua kituo kwa kituo. Utotoni niliipita kwenye mabasi ya UDA, shirika la umma la usafiri wa jiji, ukubwani nikaipita kwa daladala zaidi ya miaka 30, na tangu Mei 2016 naipita kwa mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka. Ukimuuliza mtu habari za usafiri wa Dar es Salaam atakuambia joto, foleni na kubanana. Nami nitayagusa hayo, ila kuna jambo nimelijua kwa kukaa barabarani miaka yote hii: abiria anavyotendewa ndani ya gari hutegemea dereva anapataje riziki yake. Hilo huamuliwa ofisini, kabla gari halijawashwa.

Nianze na UDA, maana nimekulia humo. Marehemu baba yangu alikuwa makenika karakana ya Kurasini. Alianza kazi kampuni ikiwa bado inaitwa DMT, yaani Dar es Salaam Motor Transport, iliyoanzishwa 1949 mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1970 ikataifishwa. Mwaka 1974 ikagawanywa: KAMATA ikapewa safari za mikoani, na Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, likabaki na mjini. Sisi watoto wa Magomeni tulichojua ni Ikarus tu, mabasi ya kutoka Hungaria, na hasa lile refu lenye maungio katikati, lililoitwa kumbakumba. Likikata kona, wale waliosimama kwenye maungio walizungushwa kama wako kwenye bembea, na mahali hapo tulipagombania.

Dereva wa UDA alikuwa mtumishi wa shirika. Abiria wajae, wasijae, mwisho wa mwezi mshahara wake ulikuwa uleule. Ndiyo maana mwanafunzi hakuwa mzigo kwake. Tabu ni kwamba basi lenyewe lilizidi kuwa adimu. Baba alirudi nyumbani mikono ina grisi na maneno ni yaleyale: vipuri hakuna. Vipuri vilitaka fedha za kigeni, na baada ya bei ya mafuta kupanda duniani na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha hizo hazikuwepo. Nauli nayo ilipangwa na Serikali, ikawekwa chini ili mfanyakazi aimudu, wakati gharama zinapanda. Karakana ikafika mahali pa kung'oa kifaa kwenye basi hili ili lile litoke barabarani. Baba alilisema hilo kwa uchungu, kama mtu anayesimulia msiba. Nayaeleza haya kwa sababu vijana wengi wanaamini UDA ilidhoofika kwa uvivu wa watu. Mimi niliwaona waliokuwa wakiifanyia kazi, na uvivu sikuuona.

Pengo lile likazibwa na magari ya kujificha. Pikapu zenye mabenchi mawili ya kutazamana, watu magoti kwa magoti, zikaitwa chai maharage, zikibeba watu huku zikikwepa polisi. Mwaka 1983 Serikali ikakubali yaishe, ikawaruhusu watu binafsi wabebe abiria jijini, mwanzoni chini ya mwavuli wa UDA yenyewe, wakiilipia ruhusa. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu ambayo mtaani iliitwa dala. Makonda wakaita dala, dala, na jina likaganda.

Daladala imenilea, siwezi kuitukana. Ilinifikisha kazini, ilinipeleka leba, ilinibebea majora ya kitambaa kwenye buti kwa maelewano na konda. Lakini kero zake zote, na nimezipata karibu zote, zina mzizi mmoja unaoitwa hesabu. Mwenye gari anampa dereva gari asubuhi na anataka kiasi maalumu jioni. Mafuta ni ya dereva, ujira wa konda ni wa dereva, na faini ikipigwa mara nyingi ni ya dereva. Kinachobaki baada ya hayo yote ndiyo mshahara wake wa siku hiyo. Mikataba ya maandishi ni nadra, na ugonjwa hauna malipo.

Siku moja, gari likiwa limesimama muda mrefu kituoni likisubiri kujaa, nilimuuliza dereva mbona hatuondoki. Akanijibu kwa heshima, "Shikamoo mama. Nikiondoka na viti vitupu nimeondoka na deni. Mpaka saa nane namfanyia kazi bosi, kuanzia hapo ndiyo nawafanyia wanangu." Sikuwa na la kumjibu. Basi tazama mambo yote kupitia kauli hiyo. Gari halitoki mpaka lijae, kwa sababu kiti kitupu ni hasara yake. Likishatoka linakimbizwa na kuovateki pabaya, kwa sababu kila trip ya ziada ni chakula. Linakatisha ruti likiona abiria wachache mbele. Nalo linamkimbia mwanafunzi.

Hapo kwa mwanafunzi naomba nikae kidogo. Nauli ya mwanafunzi imekuwa shilingi 200 kwa miaka mingi. Kwa dereva wa hesabu, denti anayekaa kwenye kiti ameziba nafasi ya mtu mzima anayelipa mara mbili au zaidi. Mwanangu wa kwanza alisoma sekondari mjini. Alikuwa anaamka saa kumi usiku, anasimama kituoni na wenzake, magari yanapita na konda mlangoni anahesabu: wawili tu, wawili tu. Akipata, anasimama njia nzima, na akiwa amekaa anainuliwa. Kuna siku alirudi na begi limechanika mkanda kwa kugombania mlango. Nililishona usiku uleule, nikiwa na hasira na konda yule. Leo hasira yangu naielekeza kwingine. Nauli ya mwanafunzi ni uamuzi mzuri wa umma, lakini gharama yake aliachiwa kijana wa mlangoni ambaye hana hata mshahara. Ukimbebesha mtu hisani ambayo si yake, ataitua kwenye kichwa cha mtoto.

Usimamizi haukukosekana. Tulikuwa na mdhibiti wa usafiri, SUMATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2001, kisha ikaja LATRA kwa sheria ya 2019. Wao ndio wanaopanga nauli, wanaotoa leseni za njia, na ule ukanda wa rangi ubavuni mwa daladala unaokuonyesha gari linaenda wapi wanausimamia wao. Ukanda ule ni kitu kizuri sana, hata asiyejua kusoma anajua gari lake. Ila mdhibiti anadhibiti gari na nauli. Mapatano ya mwenye gari na dereva wake mara nyingi hayajaandikwa popote, na humo ndimo mwendo wa gari unamopangwa.

Sasa mwendokasi. Wakala wa DART, unaosimamia mabasi haya, uliundwa 2007, chini ya TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa. Ujenzi wa awamu ya kwanza ulifadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, takriban kilomita 21: Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, ambayo ndiyo Kariakoo yangu. Mabasi yakaanza kutembea tarehe 10 Mei 2016, na uzinduzi rasmi ulifanywa na Rais Magufuli Januari 2017. Mwaka 2018 jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa ajili ya njia hii.

Kwangu mimi, mabadiliko yalikuwa ya saa. Zamani Kimara hadi mjini asubuhi nilihesabu saa mbili, na ukiangukia mvua hata tatu. Mara ya kwanza nilipopanda mwendokasi nilishuka chini ya dakika 50 tangu nipande. Nilifika Kariakoo maduka mengine hayajafunguliwa, nikakaa kwenye baraza nikisubiri, sijui nifanye nini na muda ule. Basi lina njia yake katikati ya barabara na foleni ya magari madogo haligusi. Sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi, unaingia bila kupanda ngazi. Nauli unalipa kabla ya kuingia, kwa hiyo ndani hakuna kudaiana chenji wala konda wa kukutazama jicho la pembe.

Mwezi huohuo nilimpandisha baba. Alikuwa mzee wa fimbo, macho mazima. Tulipanda lile refu, la mita 18, lenye maungio. Hakukaa. Alikwenda kusimama palepale kwenye maungio, akashika bomba, akatazama chini lile duara likizunguka basi lilipokata kona ya Fire kuelekea Msimbazi. Akasema, "Mwanangu, kumbakumba limerudi." Kisha akauliza swali la makenika: "Vipuri vyake vinatoka wapi, na nani anavilipia?"

Swali hilo nimelichukua, na kila anayetaka kujua kwa nini mwendokasi una siku nzuri na siku ngumu namuelekeza huko. Mpango wa awamu ya kwanza ulitaka mabasi 305. Huduma ilianza kama ya mpito, na mabasi 140. Mwendeshaji alikuwa UDA-RT, kampuni iliyoundwa na UDA pamoja na vyama vya wenye daladala, UWADAR na DARCOBOA, ili watu waliokuwa wakiondolewa barabarani wawe na sehemu kwenye kitu kipya. Wazo hilo naliunga mkono kabisa. Lakini idadi ya abiria ilipangiwa mabasi 305, nayo haikungoja. Ukiona watu wamejaa ukumbi wa Kimara asubuhi, usitafute mchawi: gawanya abiria kwa mabasi.

Kwenye nauli pia kulikuwa na mvutano ambao abiria wengi wameusahau. Kabla ya kuanza, mwendeshaji aliomba shilingi 700 kwa njia za mlisho, zile zinazoleta abiria kwenye njia kuu, 1,200 kwa njia kuu na 1,400 kwa zote mbili. Mdhibiti alikataa. Tukaanza kwa 400, 650 na 800, mwanafunzi 200. Kama abiria nilishangilia. Kama binti wa makenika wa UDA nilikumbuka ule mwaka nauli ilipowekwa chini bila mtu kusema tofauti itafidiwa na nani. Sisemi nauli ipande. Nasema Serikali ikitaka niende mjini kwa nauli nafuu, na mimi nataka hivyo, basi iandike kwenye bajeti yake fedha za kununua mabasi na vipuri, zionekane.

Jingine ni Jangwani. Karakana kuu ya mabasi iliwekwa kwenye bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo kila mwenyeji wa Magomeni anajua maji yanapita. Mafuriko yalikuja, mabasi yakaharibika, na mvua kubwa ikinyesha barabara yenyewe hufungwa, mabasi yakaishia Magomeni. Hili halikuhitaji mtaalamu, lilihitaji mtu wa kuwauliza wazee. Nafurahi kwamba Mradi wa Bonde la Msimbazi umeweka ndani yake daraja jipya la Jangwani na kuhamishwa kwa karakana.

Lakini moyo wa mfumo huu, ambao abiria hauoni, ni mapatano ya malipo. Kwenye mpango wa DART, mwendeshaji analipwa kwa kilomita ambazo basi limetembea. Anayekusanya nauli ni mwingine, na anayetunza fedha ni mwingine. Dereva ana mshahara. Maana yake kiti kitupu si njaa yake, na mtoto wa shule si hasara yake. Nimeyaona matokeo kwa macho. Sijawahi kukimbizwa ndani ya mwendokasi, na sijawahi kuona dereva akipita kituo kwa kuona sare za shule.

Kwa awamu nyingine, ya Mbagala kwa Barabara ya Kilwa na ya Gongo la Mboto kwa Barabara ya Nyerere, ombi langu ni kwamba mikataba ya waendeshaji ibandikwe wazi kwa Kiswahili: mabasi mangapi, kilomita ngapi kwa siku, adhabu gani yasipotoka. Kituoni kuwe na ubao unaosema leo mabasi mangapi yako barabarani. Abiria akijua hivyo, hatagombana na dada wa dirisha la tiketi kwa kosa ambalo si lake.

Mwenye mzigo kama mimi, asubuhi mapema nenda mikono mitupu, mzigo rudi nao kati ya saa nne na saa nane mchana. Majora mawili yanaingia vizuri ukisimama nyuma karibu na maungio. Zaidi ya hapo tafuta bajaji ya mizigo, usiwabane wenzio.

Mjukuu wangu, mtoto wa yule niliyemshonea begi, anasoma Magomeni. Juzi tuliondoka naye pamoja Kimara Mwisho. Yeye alipata kiti cha dirishani, mimi nikasimama pembeni yake nimeshika mfuko wa mabaki ya vitambaa. Urafiki tulipitia, Manzese tulipitia, Kagera tulipitia, watu wazima wakizidi kuingia. Mpaka Magomeni Mapipa alikuwa bado amekaa, anasoma daftari lake, na hakuna mtu aliyemwambia ainuke.