TAHADHARI: Fundi wa kukwangua dari za vipele, Isamilo na mitaa ya jirani

Wana Mwanza, hasa mnaokaa nyumba za zamani kule Isamilo, Capri Point na Bugando, someni hii kabla hamjatoa advansi.

Nyumba tuliyoachiwa na mzee ina dari ya vipele, ile iliyopakwa kitu kizito kikaachwa na vinundu. Imegeuka njano, na utando wa buibui hautoki hata ufanyeje. Nikapata fundi kwenye grupu la WhatsApp: atakwangua, atapiga pati, dari iwe laini kama jipsamu mpya, kwa laki nane. Akanitumia picha za kazi aliyodai kaifanya Nyegezi. Leo nikizikuza naona soketi ukutani ni za matundu mawili ya duara. Nyegezi nyumba gani ina soketi hizo? Picha za kuokota, na mimi mtu mzima nikameza.

Laki tano ikaenda kwa M-Pesa, eti ya pati na msasa. Jumanne akaja na kijana mmoja na kikwanguo kimoja, wakaanza kukwangua kavukavu, feni inazunguka. Muda si mrefu sebule ikawa kama mashine ya kusaga, wajukuu wanapitapita humo humo. Jirani yetu, mzee aliyefanya ujenzi miaka mingi, akasimama mlangoni: "Mama, zima feni, toa watoto. Dari ya enzi hizo haiguswi kabla hujajua ina nini."

Alikuwa anasema asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyokuwa yakichanganywa kwenye vifaa vya ujenzi. Uingereza, mipako ya vipele ya namna hii iliendelea kuwekwa asbesto hadi miaka ya 1980. Nyuzi zake huzioni, barakoa ya kitambaa haizizuii, na saratani ya mapafu yaweza kujitokeza miaka 20 au 40 baadaye. Kwa macho hakuna anayeweza kukuambia, ni maabara tu.

Fundi akacheka. "Asbesto ni ya mabati, mama." Kisha akashuka mjini "kufuata pati". Simu haipatikani mpaka leo.

Hela inauma, ila hilo vumbi ndilo linaloninyima usingizi. Hatukufagia, tulifuta kwa matambara yaliyolowa, tukayafunga kwenye mifuko miwili miwili. Sebule nimeifunga, kipande cha dari kinasubiri kupimwa.

Dari yako kama ni nzima, haimomonyoki, iache ilivyo. Ukichoka kuitazama, fundi anaweza kushusha jipsamu chini yake bila kukwangua chochote. Anayeijua kazi atakuuliza nyumba ilijengwa mwaka gani kabla hajataja bei. Wangu hakuuliza hata vyumba ni vingapi! Na pati kanunue mwenyewe dukani.

Namba yake siiweki hapa. Mwenye kazi ya dari aje inboksi na namba aliyopewa, tulinganishe.