Kununua Tovuti ya Biashara Ndogo: Njia Tano, Kuanzia Ninayoipendekeza Hadi ya Kuepuka

Mjomba wangu ana karakana ya samani Keko, Dar es Salaam. Miaka michache iliyopita alimlipa kijana mmoja amtengenezee tovuti, na kwa kweli ilipendeza: vitanda vya mninga, makabati, ramani ya kufika, namba ya simu. Baada ya mwaka ikazimika. Kijana hapokei simu. Tulipofuatilia tukakuta domeini, yaani lile jina la tovuti, imesajiliwa kwa jina la kijana na kwa barua pepe yake. Na mjomba alikwisha kulichapisha kwenye kadi, kwenye vitabu vya risiti na ubavuni mwa kirikuu chake. Hatukulipata tena.

Tangu siku ile nimewasaidia ndugu na majirani kadhaa kununua tovuti, na swali langu la kwanza huwa moja: siku ukikosana na fundi, au kampuni unayoilipa ikifunga huduma, utaondoka na nini mkononi? Njia tano zilizo hapa chini nimezipanga kwa kipimo hicho kwanza, halafu gharama, halafu wepesi wa kufunguka kwenye simu ya mteja.

Jina kwanza, tena nunua mwenyewe

Domeini inunuliwe kabla hujaonana na fundi yeyote. Kwa biashara ya Tanzania napendekeza .co.tz, Kenya ni .co.ke, inayosimamiwa na KeNIC, shirika la majina ya tovuti ya Kenya. Mwenye nyumba ya wageni Tanzania anaweza hata kuchukua .hotel.tz. Unasajili kupitia wakala aliyeidhinishwa, na ada yake ni makumi machache ya maelfu ya shilingi za Tanzania kwa mwaka. Andika jina lako au la kampuni kama mmiliki, weka barua pepe yako, na namba ya simu unayoishika wewe. Ukishindwa kujaza fomu, mwite mtoto wa nyumbani akusaidie, lakini anayejazwa pale uwe wewe.

Jina lenyewe lipimwe kwa masikio. Tulipotafuta jina jipya la karakana nilimpigia shangazi aliyeko Morogoro, nikamtamkia mara moja, nikamwomba aliandike na kunitumia. La kwanza aliliandika vibaya, la pili vilevile. La tatu akalipatia, na hilo ndilo tulilolichukua. Jina lenye kistari katikati, au linalomfanya mtu aulize kama ni «c» au «k», litakupotezea wateja wanaolisikia redioni au kwa jirani.

Majina ya bure yaache. Kampuni ya Freenom iliyokuwa ikigawa majina ya .tk, .ml na .ga bila malipo iliacha kusajili mapya mwaka 2023.

Mteja akifika, afanye nini?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu anaambiwa anunue duka kamili lenye kikapu na malipo ya kadi, wakati wateja wake hawanunui hivyo. Anayetaka kitanda cha sita kwa sita hatalipa kabla hajaugusa ubao, hajauliza kama ni mninga au mkongo, na hajaomba apunguziwe. Anachotaka mtandaoni ni picha za kazi zilizokwisha fanyika, bei ya kuanzia, mahali mlipo, na kitufe cha kumwandikia fundi. Kiungo cha wa.me chenye namba yako kuanzia 255 kinamfungulia WhatsApp moja kwa moja, wala hakilipiwi.

Anayeuza bidhaa ya bei moja isiyohitaji maelewano, kama vitabu, mafuta ya nywele au viungo vya pakiti, hesabu yake ni tofauti. Huyo anahitaji malipo ndani ya tovuti. Kwa hiyo andika kwenye karatasi, kwa sentensi moja, jambo unalotaka mteja alifanye. Ukishindwa kuiandika, usilipe mtu bado.

1. WordPress kwenye nafasi ya seva unayoilipia mwenyewe

Kwa biashara nyingi hii ndiyo ya kwanza. WordPress ni programu ya kujengea tovuti, na seva ni kompyuta inayoihifadhi na kuionyesha kwa wateja. Programu yenyewe ni ya bure, ipo tangu 2003, na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaitumia. Faida kubwa kwako ni hii: fundi wa kwanza akiondoka, wa pili unampata mji wowote, na anakuta kitu anachokifahamu. Unaweza kuibeba tovuti nzima, maandishi, picha na kila kitu, ukaihamishia kwa muuzaji mwingine wa seva. Ukitaka kuuza, unaongeza WooCommerce, nyongeza ya duka, na kampuni za malipo kama Pesapal zina plagini, yaani programu ndogo ya kuongezea, ya kupokea M-Pesa na kadi.

Ubaya wake ni matunzo. Plagini iliyoachwa bila kusasishwa ndiyo mlango wanaoupenda wadukuzi. Mkubaliane mapema nani atasasisha kila mwezi, na nakala ya akiba inawekwa wapi. Isiwe kwenye seva ileile. Ukiona ankara ina ada kubwa ya «usalama wa kufuli», uliza ni ya nini, kwa sababu cheti cha kawaida cha SSL, kinacholeta ile alama ya kufuli kando ya anwani ya tovuti, hutolewa bure na Let's Encrypt na wauzaji wengi wa seva wanakiweka bila malipo ya ziada.

Uliza pia seva iko nchi gani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana, na kilichohifadhiwa Ulaya kilikuwa kigumu kufikika. Wateja wako wakiwa wote Dar au Mwanza, seva ya nchini ina maana. Wakiwa ni watalii wanaopanga safari wakiwa Ujerumani, haina haja.

2. Ukurasa mmoja mwepesi, pamoja na Google Business Profile

Hii ndiyo tuliyomchagulia mjomba safari hii, na kama huna mtu wa kuitunza WordPress kila mwezi, ipandishe iwe ya kwanza. Fundi anaandika ukurasa mmoja wa HTML, lugha ya kawaida ya kurasa za tovuti: picha kumi, maelezo, bei za kuanzia, kitufe cha WhatsApp. Hakuna plagini, hakuna cha kusasisha zaidi ya bei. Faili zake unazo kwenye flashi.

Kando yake sajili biashara kwenye Google Business Profile, wasifu wa biashara unaoonekana kwenye Google na ramani zake, ambao ni bure, ili mtu akitafuta «samani Keko» aone saa za kazi na njia ya kufika.

Kosa linaloua kurasa za aina hii ni picha. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kuwa na megabaiti nne. Kumi za hivyo ni arobaini, na zote zinakatwa kwenye bando la mteja. Mwambie fundi azipunguze hadi kilobaiti mia mbili hivi kila moja; kwenye simu hutaona tofauti. Kisha pima kwa PageSpeed Insights ya Google, ambayo pia ni bure. Kipimo chao kinataka kitu kikubwa kuliko vyote kwenye ukurasa, kama picha ya juu, kionekane ndani ya sekunde 2.5. Ikizidi, usimalizie malipo.

3. Za kukodi: Wix, Squarespace, Shopify

Hizi ni huduma za kujengea tovuti kwenye mtandao wao. Ni rahisi kuanza, zinapendeza, na mtu asiye fundi anaweza kujenga mwenyewe jioni mbili tatu. Nimeziweka ya tatu kwa sababu mbili. Kwanza, unalipa kwa dola, kwa kadi, mwezi baada ya mwezi au mwaka baada ya mwaka, na shilingi ikishuka gharama inapanda bila wewe kuongezewa chochote. Pili, tovuti uliyoijenga Wix huwezi kuichukua ukaiweka kwenye seva nyingine. Ukihama unaanza upya.

Shopify inafaa kwa duka la kweli, hasa linalouza nje. Ila mfumo wake wenyewe wa malipo haujafika Tanzania wala Kenya, na ukitumia wa kampuni nyingine Shopify wanakata asilimia yao juu ya makato ya kampuni hiyo. Piga hesabu hiyo kwa mauzo ya mwezi kabla ya kusaini. Ukiamua kukodi, domeini bado inunuliwe kando, kwa wakala wako.

4. Iliyoandikwa yote kuanzia mwanzo

Kwa biashara ndogo karibu siku zote ni fedha nyingi kuliko shida iliyopo. Inafaa kama una jambo ambalo programu za kawaida haziwezi, mfano kupanga viti vya mabasi kwa vituo na tarehe. Mkataba useme wazi kwamba msimbo wote ni mali yako na unakabidhiwa.

5. Mitandao ya kijamii peke yake

Instagram inaleta wateja, na mjomba anaitumia kila siku. Lakini iwe peke yake? Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita, na aliyekuwa na hizo tu hakuwa na pa kumwelekeza mteja. Hata Google, mwezi Machi 2024, walizifunga tovuti za bure zilizotengenezwa kupitia Business Profile. Wasifu wenyewe ulibaki, tovuti zikaondoka.

Kulipa na kukabidhiwa

Lipa kwa awamu tatu: ya kuanza, ya kuona kazi kwenye simu yako, na ya makabidhiano. Kama tovuti ina fomu inayokusanya majina na namba za watu, kumbuka Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Omba taarifa unazozihitaji tu, na useme unazitumia kwa nini.

Awamu ya mwisho usiitume kwa simu ukiwa mbali. Mwite fundi karakanani, kaeni pamoja, ingia mwenyewe kwenye akaunti ya domeini, kisha ya seva, kisha ya tovuti, na ubadilishe nywila zote tatu akiwa pale. Zikikubali, mlipe.