TAHADHARI: Kuna mzee anauza injini za mashine za nyasi eti "zimefanyiwa ovaholi"

Wana Malindi, hasa nyinyi mnaokata nyasi kwenye majumba ya Casuarina na Mayungu, someni hii kabla hamjatoa pesa zenu. Nimenyamaza siku tisa kwa aibu, nimewadokeza watu wachache tu. Leo nimechoka kunyamaza.

Injini ya kwanza ya mashine yangu ya nyasi ilikufa, ilivyokufa sirudii. Bodi ya mashine ilibaki nzima, magurudumu mazima, kisu kipya. Masika imenyesha, nyasi zimefika magotini, wenye nyumba wanapiga simu kila asubuhi na mimi nimekaa kitako. Ndipo nikaambiwa kuna mzee ana injini aliyoifungua yote na kuitengeneza upya, ringi mpya za pistoni, gasketi mpya za kuziba maungio, valvu zimesagwa zikae sawa.

Nilikwenda Ijumaa baada ya sala. Injini iko juu ya benchi, imepigwa rangi nyeusi inang'aa, mpaka vichwa vya bolti vimepakwa. Akanikalisha, akaniagizia kahawa. Akatoa mfuko wa nailoni, ndani mna ringi zilizokatika na gasketi iliyoungua. "Hizi ndizo nilizotoa humu, ziangalie mwenyewe." Nikazishika, vidole vikajaa masizi. Kisha akavuta kamba. Mvuto mmoja tu! Ikawaka, ikanguruma vizuri, moyo wangu ukatulia. Akaiacha kama dakika mbili, akaizima. Nikamwambia, mzee, hebu iwashe tena nisikilize. Akasema petroli ghali, na injini iliyotoka kutengenezwa haifai kuchoshwa bila kazi. Nikakubali. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa, kwamba nilikubali.

Msiniulize nilimwamini vipi. Ana mvi kichwa kizima. Alimtaja marehemu baba kwa jina, akajua hata mashua aliyokuwa akivulia. Akaniambia, "Mwanangu, nikuuzie kitu kibovu halafu nikutazame vipi usoni msikitini?" Mtu mzima akikwambia hivyo, utamdai risiti? Nikamtumia shilingi 14,000 kwa M-Pesa pale pale. Humo 6,000 ni za mke wangu, alizopokea zamu yake ya chama.

Jumamosi nikaifunga kwenye bodi, nikaenda kazini. Nikavuta, hakuna. Nikavuta mpaka bega likauma, na mara mbili kamba ikanirudisha mkono kwa nguvu, nusura inivunje vidole. Ilipowaka ikawa inapanda na kushuka, inapiga kelele kisha inalegea, inapiga kelele kisha inalegea, wala hakuna aliyegusa mkono wa mafuta. Nikiifunga nusu choki, kile kinachobana hewa ya kabureta, inatulia kidogo, nikiifungua yote inataka kuzima. Moshi wa buluu ukatanda bustani nzima. Kuiingiza kwenye nyasi tu, ikakata roho, na ikishapata moto haiwaki tena mpaka ipoe kabisa. Mwenye nyumba amesimama barazani ananitazama. Vijana wangu wawili wananitazama. Sikuwa na la kusema.

Nikampigia. Akasema ni plagi, nikanunua plagi. Akasema ni petroli chafu, nikamwaga nikatia mpya. Akasema nisafishe kabureta, nikaifungua, nikapuliza jeti zote, vile vitundu vya kupitishia petroli, nikabadilisha na kichujio cha hewa. Hali ni ile ile. Mara ya nne hakushika simu, na hajashika mpaka leo.

Jumatano rafiki yangu, fundi wa mashine za boti, akaifungua nami nimemshikia taa. Kati ya kabureta na silinda hakuna gasketi, kuna kipande cha katoni kilichokatwa kwa mkasi na kupakwa gundi, hewa inapenya pembeni. Ndiyo maana inapanda na kushuka. Kii ya flaiwili (lile gurudumu zito la injini), yaani kichuma kidogo kinachoishikilia kwenye shafti, imekatika nusu na flaiwili imesogea. Kisu kiliwahi kupiga jiwe huko ilikotoka, na sasa cheche inakuja kabla ya wakati wake, ndiyo iliyokuwa ikinirudisha mkono. Valvu ya ekzosi, ya kutolea moshi, haina kabisa ile nafasi ndogo inayotakiwa nyuma yake, hata kibati cha kupimia cha milimita 0.10 hakikupita. Injini ikipata moto valvu haifungi na kompresheni, ile hewa inayobanwa ndani ya silinda, inatoroka. Na hizo ringi mpya? Zilizomo ni za zamani, zimeganda kwa masizi kwenye pistoni, na silinda imechimbika michirizi unayoisikia kwa ukucha. Zile za kwenye mfuko ni za injini nyingine. Alichobadilisha ni rangi.

Huyu si fundi, ni mwizi! Afungiwe banda. Apelekwe polisi. Wazee wamwite wamuulize mbele ya watu, maana ameutumia msikiti kuniibia. Wallahi sitaki pesa yangu peke yake, nataka arudishe ya kila mtu, kwa sababu tangu nianze kulisema hili wamenijia wengine wawili, mmoja ni kijana ambaye ndiyo kwanza anaanza kazi.

Dalili zilikuwapo. Ishike injini kabla haijawashwa, ikiwa na joto ujue imepashwa kabla hujafika. Mimi sikuigusa. Tazama choki imewekwa wapi inaponguruma, ikifungwa nusu inaficha kasoro kama ya injini yangu. Kamba uivute wewe, si yeye. Rangi juu ya bolti pia. Mengine nendeni na fundi wenu.

Kesho Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwake, injini iko ndani ya tuktuk vile vile ilivyofunguliwa. Wale wawili nimeshawaambia. Mwengine yeyote aliyeuziwa aje na yake.