Seramu ya vitamini C kwa ngozi nyeti inayoshika madoa: ipi uanze nayo, ipi uiache rafuni

Seramu yangu ya kwanza ya vitamini C ilikuwa ya asilimia 20, na niliichagua kwa sababu hiyo tu: namba yake ilizidi za jirani zake rafuni. Ilinichonyota tangu siku ya kwanza, nikajipa moyo kwamba ndiyo inafanya kazi. Wiki ya pili mashavu yakawa mekundu na kubanduka maganda membamba. Wekundu ulipoondoka uliacha vivuli viwili vya kahawia, kimoja kila shavu, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na doa. Vilichukua miezi mitano kufifia. Nilinunua dawa ya madoa, nikapata madoa mapya.

Ndiyo maana orodha hii sikuipanga kwa ukali. Ngozi inayoshika madoa ina chembe za melanini zinazoamka haraka kila inapoumizwa, iwe ni kwa chunusi, mkwaruzo, joto au krimu kali. Kadiri ngozi ilivyo na rangi zaidi, ndivyo muwasho mdogo unavyoweza kuacha alama ya muda mrefu. Basi swali la kuuliza ukishika chupa si ina asilimia ngapi. Jiulize kama utaweza kuipaka miezi minne mfululizo bila ngozi kulalamika, kwa sababu huo ndio muda ambao madoa yanahitaji.

Tuelewane pia kuhusu neno kung'arisha. Melanini hutengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho tirosinesi, ambacho kina shaba ndani yake. Vitamini C huingiliana na shaba hiyo, kazi ya kimeng'enya ikapungua, na madoa mapya yakapungua huku ya zamani yakipanda juu na kutoka taratibu na ngozi iliyokufa. Haichubui. Rangi yako ya asili inabaki, mabaka ndiyo yanayofifia. Chupa inayoahidi kukufanya mweupe kwa siku saba, hata ikiwa imeandikwa vitamini C kwa herufi kubwa, irudishe. Weupe wa haraka namna hiyo mara nyingi ni haidrokwinoni (dawa kali ya kufifisha rangi ya ngozi), steroidi au zebaki, yaani mkorogo uliovishwa nguo nzuri.

Sasa kuhusu namba. Mwaka 2001 Sheldon Pinnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba vitamini C halisi, ile inayoitwa asidi ya askobiki, huingia kwenye ngozi pale tu pH, kipimo cha ukali wa asidi ambacho namba ndogo ndiyo kali zaidi, inapokuwa chini ya 3.5, na kwamba kupita asilimia 20 hakuongezi kinachoingia. Wengi huishia hapo na kununua 20. Lakini mwaka 2004 yalichapishwa majaribio ya wanawake 16 wenye melasma, yaani mabaka ya kahawia usoni, ambao walipaka vitamini C ya asilimia 5 upande mmoja wa uso na haidrokwinoni ya asilimia 4 upande wa pili, kwa wiki 16. Haidrokwinoni ilishinda: matokeo mazuri au mazuri sana kwa asilimia 93, dhidi ya 62.5 za vitamini C. Ila tazama upande wa maudhi. Haidrokwinoni iliwasumbua wanawake 11 kati ya 16, vitamini C ikamsumbua mmoja. Ni kundi dogo, kweli. Lakini asilimia 5! Robo ya ile iliyoniunguza mimi.

Nafasi ya kwanza: vitamini C halisi, asilimia 5 hadi 10

Hapa ndipo ningemwanzisha mtu yeyote ambaye ngozi yake ni nyeti lakini haina jeraha wala ukurutu kwa sasa. Ni vitamini yenyewe, haihitaji kubadilishwa na ngozi kwanza, na kwa kiwango hiki uchungu wake unavumilika. Seramu ya CeraVe ina asilimia 10, haina manukato, na imechanganywa na seramidi zinazosaidia kuziba nyufa za ngozi. Kwa ngozi nyeti mchanganyiko huo una akili. Klairs ya Korea Kusini ina asilimia 5, nayo ni kianzio kizuri kama hata 10 inakutisha, ingawa ina dondoo kadhaa za mimea na mwenye mzio wa mimea asome lebo yote. La Roche-Posay wana Pure Vitamin C10, asilimia 10 pia. Ni nzuri mkononi lakini ina manukato, na kwangu manukato kwenye bidhaa ya ngozi nyeti ni sababu ya kushusha alama.

Udhaifu wa kundi hili ni kuharibika. Asidi ya askobiki haipatani na hewa, mwanga wala joto, hasa ikiwa ndani ya maji. Kwa hiyo kabla ya kuangalia jina la kampuni, angalia chombo. Bomba au pampu isiyoingiza hewa ndiyo bora. Ikiwa ni chupa ya matone, iwe ya kioo cha kahawia au isiyopitisha mwanga, na iwe ndogo: mililita 15 unazozimaliza zina faida kuliko 50 zinazozeeka. Chupa ya kioo cheupe iliyokaa dirishani mwa duka chini ya jua ipite, hata kama imepunguzwa bei.

Ukiifungua, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ya chooni. Fanya hivyo siku ya kwanza, kisha kila baada ya wiki mbili, upange matone hayo ubavuni kwa ubavu. Tone zima huwa halina rangi au lina manjano hafifu sana. Likianza kuwa na manjano iliyokolea, nguvu inapungua. Likiwa na rangi ya kutu, tupa. Utaliona hata bila karatasi: ncha za vidole na kingo za kucha hubaki na rangi ya chungwa, na foronya pia, kwa sababu vitamini C inapovunjika hutoa sukari iitwayo erithrulosi, ambayo ndiyo hiyo hiyo hutiwa kwenye losheni za kuupa mwili rangi ya kahawia bila jua. Unatafuta kuondoa mabaka, unajipaka rangi. Miezi mitatu tangu kufunguliwa ndiyo kikomo changu, lebo iseme itakavyosema.

Nafasi ya pili: MAP na askobili glukosidi

Kama hata asilimia 5 inakuwasha, au uso wako huwa mwekundu kwa kuoshwa na maji tu, ruka moja kwa moja hapa. Hizi ni vitamini C zilizofungwa na kitu kingine ili zitulie. MAP ni magnesiamu askobili fosfeti. Hukaa kwenye pH inayokaribia 7, kwa hiyo ule mchonyoto wa asidi haupo. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walijaribu krimu yake ya asilimia 10 kwa watu 34 wenye melasma au madoa ya uzee, na 19 kati yao madoa yalififia. Katika kipimo cha Pinnell, MAP haikuongeza vitamini C ndani ya ngozi, na hapo ndipo ilipopoteza nafasi ya kwanza. Lakini kwa mtu asiyeweza kitu kingine, 19 kati ya 34 si haba.

Askobili glukosidi imeunganishwa na sukari, na kimeng'enya kilichomo kwenye ngozi huikata polepole. Inadumu chupani na haina fujo. The Ordinary wanaiuza kwa asilimia 12. Hapo ndipo namba za lebo zinapodanganya macho: karibu nusu ya uzito wa molekuli hiyo ni sukari, hivyo 12 yao ni sawa na kama 6 ya vitamini C yenyewe. Si kosa la mtu, ni hesabu tu, lakini usilinganishe 12 hii na 10 ya juu ukadhani umepata zaidi.

Kundi hili lina fadhila nyingine: huchangamana vizuri na niasinamidi, ambayo huzuia melanini isisafirishwe kwenda chembe za juu. Ukikuta seramu moja yenye zote mbili, bila manukato, ichukue.

Nafasi ya tatu, au ya kwanza kama una chunusi: SAP

Sodiamu askobili fosfeti ni ndugu wa MAP, ila yeye amejaribiwa pia dhidi ya chunusi, kwa kiwango cha asilimia 5. Kama madoa yako ni makaburi ya chunusi, kufuta doa bila kuzuia chunusi ya kesho ni kudeki huku bomba linavuja. Mad Hippie ni mfano unaojulikana. Soma orodha nzima ya viungo, maana baadhi ya seramu za SAP huongezewa mafuta ya kunukia.

Nafasi ya nne: zilizotiwa ethili, na zile za mafuta

Ethili askobiki hupendwa sana na watengenezaji wa Japani na Korea Kusini. Inadumu na si kali kama asidi halisi, lakini kuna watu waliopata mzio nayo, kwa hiyo jaribio la ngozi kabla ya kupaka usoni ni la lazima hapa.

THD, yaani tetraheksildesili askobati, ni vitamini C iliyofungwa na mafuta. Huyeyuka kwenye mafuta na huifaa ngozi kavu iliyokunjamana. Kwa madoa siiwekei matumaini makubwa. Molekuli yake ni nzito mno: katika asilimia 20 za THD, vitamini C ni kama 3 tu. Ipende kwa ulaini wake.

Nafasi ya tano: asilimia 15 hadi 20 pamoja na asidi ya feruliki

Najua wengi wangeiweka juu kabisa. Mchanganyiko wa vitamini C asilimia 15, vitamini E asilimia 1 na asidi ya feruliki (kinga ya asili itokayo kwenye mimea) asilimia 0.5, uliochapishwa na kundi la Pinnell mwaka 2005, una utafiti imara: feruliki iliifanya seramu idumu na kuongeza kinga dhidi ya madhara ya jua kutoka mara 4 hadi mara 8. SkinCeuticals C E Ferulic ndiyo iliyozaliwa hapo, na Timeless ni miongoni mwa waliofuata njia hiyo kwa asilimia 20. Kwa ngozi ngumu ningeitaja ya kwanza bila kusita. Kwa ngozi nyeti inayogeuza kila muwasho kuwa doa, hii ni ya kupandia ngazi baada ya chupa mbili za asilimia 10 kupita salama, na hata hapo, mara tatu kwa wiki zinatosha. Vitamini C ikishaingia kwenye ngozi hupungua kwa nusu baada ya siku kama nne, hivyo hupotezi kitu kwa kuruka siku.

Za kuacha

Zile nzito zenye chembechembe, asilimia 23 au 30 bila maji. Zinakwaruza na kuchoma kwa pamoja. Unga wa vitamini C unaokorogewa nyumbani, kwa kuwa huwezi kujua pH yake wala kiwango halisi. Na ndimu usoni, tafadhali, usijaribu. Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huweza kuunguza malengelenge na kuacha weusi wa miezi.

Ukishanunua, usikimbilie uso. Paka tone dogo chini ya taya, karibu na sikio, jioni tatu mfululizo. Mchonyoto wa dakika moja unaoisha ni wa kawaida kwa vitamini C halisi. Wekundu unaobaki hadi asubuhi, vipele au kuwashwa ni jibu, na jibu hilo ni hapana. Ngozi ikikubali, anza na uso mkavu kabisa, asubuhi, siku moja paka, siku ya pili acha, kwa wiki mbili. Wiki hizo usiongeze retinoli (vitamini A ya kupaka) wala asidi za kusugua ngozi. Mjamzito anayepata mabaka anaweza kutumia vitamini C ya kupaka, tofauti na haidrokwinoni na retinoli ambazo hushauriwa aziache.

Juu yake, kinga ya jua SPF 30 au zaidi, kila siku. Kwa madoa chagua yenye rangi ya ngozi, kwa sababu rangi hiyo hutokana na oksidi za chuma, nazo huzuia mwanga unaoonekana kwa macho. Kinga isiyo na rangi huuachia mwanga huo upite, wakati wenyewe unaweza kuiamsha melanini kwenye ngozi nyeusi na kahawia. Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu, nunua hiyo, seramu itasubiri.

Piga picha leo, dirisha lile lile, saa ile ile, kisha rudia kila wiki ya nne. Kioo cha kila siku hakitakuonyesha mabadiliko. Ikifika wiki ya 16 na picha ya kwanza na ya mwisho zinafanana, usipande asilimia. Mwone daktari wa ngozi akuangalie kama melanini imekaa tabaka la chini, ambako seramu ya aina yoyote haifiki vizuri.